Mlango wa Jikoni Hufungwa Isha

Mzee Ameir alizijua nyumba za Kilburn kuliko alivyowajua wanawe. Usicheke, ni kweli. Mwanawe wa kwanza alikaa Birmingham miaka miwili kabla baba mtu hajatambua kuwa kahama, lakini mwulize dirisha lipi la mtaa wa nyuma liliwahi kuzibwa kwa matofali na kwa sababu gani, atakueleza mpaka umchoke. Kila Jumapili ya kiangazi, saa nne za asubuhi, alisimama nje ya stesheni na mwavuli mweusi, hata jua likichoma, akiwangoja Waswahili wake. Nasema Waswahili kwa jumla tu: wauguzi wa Kikenya kutoka Edmonton, Wahindi wa Unguja na Mombasa waliohamia Neasden, Watanzania wa bara waliochoka kukaa ndani na televisheni. Hakumlipisha mtu. Malipo yake yalikuwa kusikilizwa, na kwa hilo alikuwa mlafi kupindukia.

Jumapili ninayoisimulia, mwezi wa Juni mwaka 2009, alikuja kanyoa ndevu, kavaa koti la marehemu baba yake. Kisa nini? Bi Bharti anakuja. Huyu Bi Bharti ni mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Unguja mjini, na ndiye katibu wa kamati ya historia ya mtaa. Kamati hiyo ndiyo inayotoa vile vibao vya duara vinavyobandikwa kwenye kuta za nyumba kongwe: hapa aliishi fulani, akafanya kadha wa kadha. Miaka sita Mzee Ameir ameandika barua, ameomba, amebembeleza, kibao kimoja tu kiwekwe nyumba namba arobaini na moja, kiwe na jina la baba yake, Himid bin Suleiman, aliyewapokea wakimbizi wa Zanzibar. Kamati ilishakubali, mwenye nyumba alishakubali, ilibaki saini ya Bi Bharti tu, naye alisema hatii saini mpaka asikie habari za nyumba hiyo kwa masikio yake. Fomu ilikuwa mkobani mwake, na Mzee Ameir hakuacha kuutupia jicho ule mkoba.

"Hivyo, Ameir, wewe wataka nini hasa?" Bi Bharti alimwuliza walipokuwa wakingoja wa mwisho wafike. "Baba yako kafa zamani."

"Nataka apite mtu asome jina lake, basi. Nyumba yetu kule ilichukuliwa. Kaburi lake hapa jiwe limezama, herufi hazionekani. Mie nina miaka sitini na sita. Nikifa mie, hapana tena anayejua kama mzee yule alikuwako duniani."

Hilo alilisema kwa dhati, na macho yakamlowa. Mtu muongo naye ana kitu anachokipenda.

Wakaanza kutembea. Akawaonesha barabara kuu, akawaambia Warumi ndio walioichonga, ndiyo maana imenyooka hivyo wala haimjali mtu. Akawaonesha palipokuwa na nyumba ya watawa wa kike miaka mia nane iliyopita, hapana jiwe lililobaki, lakini Mzee alipunga mwavuli hewani mpaka ukaona ukuta. Akawaonesha vyuma vidogo mlangoni ambavyo watu wa zamani walikwangulia matope ya viatu. Elkana, muuguzi mmoja mcheshi kutoka Kisii, akakwangua kiatu chake hapo na watu wakampiga picha.

Nyuma ya wote alikuwapo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kabeba mfuko wa plastiki, sare ya kazi ya kulea wazee ikichungulia chini ya koti. Alikuwa katoka zamu moja kwa moja. Hakupiga picha wala hakucheka, ila alisikiliza kila neno. Mzee Ameir alimpenda kwa usikivu wake, masikini, akawa anageuza uso upande wake kila akimaliza jambo tamu.

"Sasa tazameni chini," alisema walipoingia mtaa wa nyumba namba arobaini na moja. "Mnaviona hivi vifuniko vya chuma, vya duara, mbele ya kila nyumba? Zamani muuza makaa hakuruhusiwa kuingia ndani, asije akachafua zulia. Alifunua kifuniko, akamimina gunia lake, makaa yakaporomoka mpaka stoo iliyo chini ya ardhi. Tundu lenyewe dogo, hata mtoto hapiti. Na stoo haina mlango wa nje, ina mmoja tu, unaotokea jikoni, na jiko nalo hutokea ndani ya nyumba tu. Mwizi atapita wapi? Fundi wa zamani alikuwa na akili, bwana!"

"Kwa hivyo tunatembea juu ya stoo za watu," alisema Elkana.

"Juu ya stoo za watu," Mzee Ameir alikubali, na akapiga kifuniko kwa ncha ya mwavuli. Kililia.

Mbele ya namba arobaini na moja akavua kofia. Hapo ndipo alipoweka moyo wake wote. Akasimulia mapinduzi ya mwaka sitini na nne, bunduki alfajiri, baba yake karani mkuu wa forodha akikimbia na kanzu moja. Akasimulia meli, baridi, na nyumba hii ya kukodi ambayo mwenyewe, bibi wa Kiingereza, aliweka masharti: watu sita tu, na moto marufuku. Wakalala ishirini, maana Mzee Himid hakumfukuza mtu. Ili watu wasizidiwe na huzuni, akaleta kichekesho chake cha siku zote.

"Mama yangu, Mungu amrehemu, hakubadilika hata chembe. Kule Unguja ikishaadhiniwa Isha, anafunga mlango wa jikoni, funguo anazifunga kwenye pindo la kanga, anazilalia. Watumishi wabaki upande wao, wenyewe upande wao. Na hapa London vilevile! Majira ya baridi Isha yenyewe saa kumi na mbili na nusu, tunafungiwa jiko mapema kama kuku. Baba akitaka maji ya kunywa, aa, mpaka Alfajiri. Miaka minane tuliyokaa hapa haukupita usiku hata mmoja mlango ule ukaachwa wazi. Hata mmoja!"

Watu walicheka sana. Bi Bharti alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama yangu naye hivyohivyo," alisema. "Mama wale! Bora uwaibie dhahabu kuliko uwaguse funguo za jiko." Akafungua mkoba, akatoa fomu, akaanza kutafuta kalamu.

Hapo ndipo yule mwanamke wa nyuma alipopenya watu, akaja mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Jennifer. Kwetu ni Tabora. Mama yangu alikuwa na kaka yake, Faustine. Alikuwa mpishi wenu."

Jina hilo Mzee Ameir alikuwa hajalisikia kwa sauti tangu mwaka sitini na tano. Mwavuli ulimwanguka, Elkana akamwokotea.

Nikueleze Faustine alikuwa nani, maana Mzee hakuwa akimweleza mtu. Wenye bunduki walipofika mlangoni kule Unguja, Faustine ndiye aliyetoka kusimama nao. Aliwaambia nyumba tupu, wenyewe wamekimbilia shamba, na akawapikia chai. Wenyewe walikuwa ndani ya stoo ya mkaa, na huko aliwaficha siku tatu, akiwapelekea uji kwenye kopo. Walipopata meli walikuja naye, Mzee Himid akiapa mbele ya watu kwamba huyu si mpishi tena, ni ndugu. Walipofika London huyo ndugu akapewa godoro kwenye stoo ya makaa, chini ya njia, na sufuria zote.

"Baba yako alituandikia barua kwa mkono wa parokia," Jennifer aliendelea. Ilionekana maneno aliyafanyia mazoezi. "Alisema mjomba aliingiza jiko la mkaa ndani kwa ujinga wake, bila ruhusa, akafa kwa hewa chafu, na nusura aiue nyumba nzima na watoto. Bibi yangu alikufa na aibu hiyo. Mama yangu mpaka leo hajamsomea kaka yake misa. Anasema hawezi kumwombea mtu ambaye hajasamehewa na wale aliowakosea. Nimeitafuta nyumba hii miaka mitatu. Leo wamekaa kwa mama tangu asubuhi, na padri yupo, wanangoja simu yangu."

Akatoa vitenge viwili kwenye ule mfuko wa plastiki. Akapiga magoti palepale kwenye njia, na sare yake ya kazi, akavishika kwa mikono miwili.

"Tunaomba mumsamehe mjomba wetu."

Mzee Ameir aliona mambo mawili tu: kichwa cha yule mwanamke kilichoinama, na kalamu ya Bi Bharti ambayo sasa ilikuwa nje ya mkoba. Angeweza kumwinua. Angeweza kusema, inuka mwanangu, si wewe wa kupiga magoti. Mungu alimpa nafasi hiyo peupe, mchana, kwa lugha yake. Alichokihisi ni nafuu, tena nafuu tamu: kumbe hawajui! Wamekuja kuomba radhi!

"Inuka," alisema, na sauti yake ikajaa, ile sauti ya Jumapili. "Mimi, na baba yangu aliye kaburini, na nyumba yetu yote, tumemsamehe Faustine. Duniani na akhera. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui tu."

Akavipokea vitenge. Elkana alifuta machozi kwa kiganja, na mama mmoja wa Neasden akasema haya ndiyo mambo ya watu wa zamani, waungwana. Bi Bharti akaegemeza fomu kwenye kiguzo cha geti.

Jennifer alisimama, akapangusa magoti, lakini hakurudi nyuma.

"Asante, mzee. La mama nimelimaliza. Sasa samahani, kuna kitu mimi mwenyewe sielewi, labda unieleweshe."

"Uliza, mwanangu, uliza."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. "Hii niliipata kwenye jumba la kumbukumbu. Ni ya hakimu aliyechunguza kifo. Inasema polisi wa doria aliona moshi unatoka kwenye hiki kifuniko saa nne usiku. Akabisha mlango, kijana wa nyumba akaahidi kushughulikia. Asubuhi kifuniko kilikutwa kimezibwa kwa gunia lililoloweshwa maji, na chungu cha maua juu yake. Kijana akaapa kwamba alimwambia mpishi azime moto, na mpishi akatoka mwenyewe akaziba tundu, asipoteze joto. Kijana huyo ni wewe?"

"Ni mie. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mjomba alitoka kupitia wapi?"

"Vipi kupitia wapi?"

"Umetuambia stoo ina mlango mmoja, unaotokea jikoni. Tundu hata mtoto hapiti. Na mlango wa jikoni mama yako aliufunga saa kumi na mbili na nusu. Polisi kaja saa nne, moshi ulikuwa bado unatoka." Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliuliza namna anavyomwuliza mgonjwa kama kameza vidonge vyake. "Sasa mtu aliyefungiwa ndani alitokaje nje kuweka gunia?"

Miaka arobaini na minne Mzee Ameir alizisimulia hadithi hizi mbili. Ya funguo aliisimulia kwa Waswahili, wakacheka. Ya gunia aliisimulia mara moja tu, kwa Waingereza, ambao hawakujua kama duniani kuna mama anayelalia funguo za jiko. Hajawahi kuzisimulia mahali pamoja, na alishasahau kuwa zote mbili ni za nyumba moja na usiku mmoja.

"Siku ile... nadhani mama alisahau kufunga."

"Asahau nani?" Bi Bharti aliuliza. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. "Si umesema hata usiku mmoja? Tumecheka hapa sasa hivi."

"Basi nilimfungulia mie."

"Ukamfungulia. Akatoka barabarani na baridi ile, akaloweka gunia, akaziba, akarudi shimoni, ukamfungia tena, na jiko linawaka. Mimi nimeuza dawa miaka thelathini, Ameir, usinifanye mtoto."

Nitakwambia mimi lililotokea, kwa kuwa yeye hakulisema siku ile wala siku nyingine. Jiko lenyewe mama yake ndiye aliyelileta kutoka Unguja, limefungwa kwenye magunia, na usiku ule mama huyohuyo ndiye aliyempa Faustine, kwa kumwonea huruma, maana maji yalikuwa yakiganda ndani ya kikombe. Jikoni kwao kule hakuna paa kamili, moshi hujiendea, nani angejua? Polisi alipoondoka, Mzee Himid alisema kutoka kitandani, kalizime jiko lile, mwenye nyumba akisikia tutalala nje. Ameir akafika mlango wa jikoni, umefungwa. Funguo ziko pindoni mwa mama, na mama kalala. Amwamshe mama mzazi kwa ajili ya mpishi? Akaona njia fupi. Akatoka, akalowesha gunia la viazi, akalitandaza juu ya kifuniko, akalikandamiza kwa chungu cha maua. Moshi ukakatika. Akarudi kulala. Baadaye akasikia mlango wa jikoni ukigongwa, kwa chini, pole pole, kama anagonga mtu anayeogopa kuwasumbua waliolala. Ameir akavuta blanketi mpaka kichwani. Asubuhi, alijiambia, asubuhi tutajua anataka nini.

"Sema kitu basi," Bi Bharti alisema.

"Nilikuwa kijana," alisema Mzee Ameir. "Hamjui baridi ya mwaka ule."

Bi Bharti aliichana fomu mara mbili. Hakuitupa chini, ni mwanamke msafi, aliviweka vipande mkobani na kuufunga. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Yule mama wa Neasden aliyesifu waungwana alikuwa wa kwanza kuondoka, na Elkana akauegemeza mwavuli kwenye kiguzo cha geti badala ya kumpa Mzee mkononi.

Jennifer hakuondoka. Alikuwa keshatoa simu. "Mwambie mama," alisema. "Mwambie kwa mdomo wako nani aliziba. Mimi sitamwambia, utamwambia wewe." Akapiga, akaweka sauti ya nje.

Haikulia hata mara mbili. "Jeni! Umemwona? Umemwona, mwanangu?"

"Niko naye hapa, mama. Ana neno la kukuambia."

Akamsogezea simu usoni. Lakini yule mama wa Tabora hakungoja. Alikuwa kangoja maisha yake yote, pumzi ilimwishia. "Shikamoo, baba! Shikamoo! Tusamehe, baba, kaka yangu hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtu wa kijijini tu, hakujua nyumba za Ulaya. Nakuomba, baba. Nimekaa hapa na padri, nimekaa na watoto. Niambie tu, mmemsamehe?"

Mzee Ameir alimtazama Jennifer. Jennifer alimtazama yeye. Bi Bharti alisimama kando, kakumbatia mkoba. Hakukuwa tena na kibao cha kupoteza, hakukuwa na jina la kulinda, kila aliyebaki pale alikwisha kujua. Kusema kweli kungemgharimu nini sasa? Hakuna. Lakini ulimi wake ulikuwa na njia yake, umeizoea, na ukaifuata.

"Tumemsamehe, mama," alisema. "Tumemsamehe."

Kule upande wa pili palilipuka vigelegele. Wanawake walipiga, watoto wakapiga, kengele ndogo ikalia, na mtu akaanza wimbo wa kanisani. Yule mama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Jennifer alifungua kinywa kusema, "Mama, sikiliza," na akashindwa kuendelea. Alijaribu tena. Vigelegele vilikuwa vikija kwenye simu ile ndogo, na yeye hakuwa na moyo wa kuvinyamazisha. Machozi yalimchuruzika mpaka kwenye sare.

"Baba!" yule mama aliita. "Baba, usikate! Jina lako nani? Mjukuu wangu anajifungua mwezi ujao. Akiwa wa kiume tutampa jina lako, tuwe tunakutaja nyumbani kila siku. Niambie, baba, na la mzee wako pia."

Jennifer aliusogeza mkono wake mpaka simu ikakaribia kugusa mdomo wa Mzee Ameir.

"Mwambie," alisema kwa chini.

"Ameir," akasema. "Ameir bin Himid."

"Ameir bin Himid," yule mama alirudia, kisha akawageukia waliokuwa naye, akawatajia tena, pole pole, na kumwambia mtu alete kalamu aliandike.